Kauli za chuki zihukumiwe, ila si na serikali iliyoudhika

Maoni ya Jumatano, na Rehema Kilonzi

Desemba 3, 2003, katika jengo la AICC hapa Arusha, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda waliwatia hatiani watu watatu ambao silaha yao kubwa ilikuwa maneno. Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, walikuwa miongoni mwa waasisi wa redio RTLM. Wa tatu, Hassan Ngeze, alikuwa mhariri wa gazeti la Kangura.

Kesi hiyo hunijia kichwani kila linapozuka suala la kauli za chuki, iwe ni kwenye kampeni, kwenye mahubiri au katika makundi ya WhatsApp. Wapo wanaosema uhuru wa kujieleza ni pamoja na uhuru wa kuudhi, na kwamba ukianza kumziba mmoja mdomo hujui utaishia kwa nani. Wapo wanaouliza uhuru huo utamfaa nani nchi ikishawaka. Mimi ni wa hawa wa pili. Hata hivyo, hofu ya wale wa kwanza ina msingi, na nitaeleza kwa nini.

RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993, na watu waliipenda. Ilipiga muziki wa Kikongo, watangazaji wake walipiga soga kama vijana wa kijiweni, wasikilizaji wakapiga simu studio na kuchangia. Humo humo katika soga, Watutsi waliitwa mende. Ilipofika Aprili 1994 redio hiyo ilisoma majina ya watu, ikataja walikojificha, hata namba za magari yao. Kwenye vizuizi vya barabarani wauaji walisimama na panga mkono mmoja, redio mkono wa pili. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000.

Tunaambiwa dawa ya neno baya ni neno jema. Naomba nielezwe nani angelisema neno hilo jema, na kwa redio ipi. Waziri wa Habari wa Rwanda, Faustin Rucogoza, aliwaita wakuu wa RTLM Novemba 1993, akawaita tena Februari 1994, akiwataka waache kupandikiza chuki za kikabila. Redio iliendelea. Aprili 7, Rucogoza akauawa. Mwezi uliofuata, Mei 5, waraka wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani ulipinga wazo la kuvuruga mawimbi ya redio hiyo kutoka angani. Ulisema njia hiyo haitafaa na ni ghali, dola 8,500 kwa saa moja ya ndege, tena mikataba ya kimataifa inaleta ugumu. Nimeusoma waraka huo mara nyingi na kila mara hunichoma.

Mwaka 2007 majaji wa rufaa waliwapunguzia adhabu wote watatu. Walisema kauli ya chuki peke yake haitoshi kuwa uchochezi wa moja kwa moja wa mauaji ya kimbari. Hatia ya uchochezi iliyombakia Nahimana ikahusu matangazo yaliyorushwa baada ya Aprili 6, 1994, mauaji yalipokwisha kuanza. Kwa kosa zito kiasi hicho nawaelewa, maana kumfunga mtu miaka 30 kunahitaji ushahidi usio na shaka.

Lakini sheria ya nchi haiwezi kungoja hadi panga lichomolewe. Desemba 1990 Kangura ilichapa kile ilichokiita Amri Kumi za Wahutu. Mhutu aliyeoa Mtutsi aliitwa msaliti, na aliyefanya biashara na Mtutsi vivyo hivyo. Watu walikuwa wakifundishwa, kwa maandishi na kwa bei ya gazeti, kwamba jirani yao si mwenzao. Hapo ndipo mahali pa kumfikisha mhariri mahakamani, kumtoza faini, kumlazimisha achapishe majibu ya waliodhalilishwa, na akirudia, kumfungia. Aliyezuiwa mapema huenda asifike kwenye kizimba cha mauaji ya kimbari.

Sasa nije kwenye ile hofu. Januari 16, 2010, mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire alirejea Kigali kutoka Uholanzi alikoishi miaka mingi. Siku hiyo hiyo alikwenda kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Gisozi, na hapo akasema Wahutu waliouawa nao wakumbukwe. Alishtakiwa kwa kupunguza uzito wa mauaji ya kimbari, pamoja na njama dhidi ya serikali. Mwaka 2012 alihukumiwa kifungo cha miaka 8, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikakipandisha hadi 15.

Shauri lake lilikuja Arusha vilevile, katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Majaji walikubali kwamba Rwanda, kwa yaliyoipata, ina sababu ya kuwa na sheria kali juu ya jambo hili. Kisha wakayapima maneno yenyewe aliyoyasema pale Gisozi, wakaona hayakukana wala kudharau mauaji ya Watutsi. Novemba 24, 2017, waliamua kwamba uhuru wake wa kujieleza ulivunjwa. Alitoka gerezani Septemba 2018 kwa msamaha wa rais.

Sheria iliyotungwa ili RTLM isirudi ilimfunga mwanamke aliyesimama makaburini akataja na wafu wengine. Ndiyo maana siwabezi wenye hofu.

Kwetu nako tunayo ya kujifunza. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ilihesabu kuwa ni uchochezi kuifanya serikali ichukiwe au idharauliwe. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo nayo iko hapa hapa Arusha, ilisema vifungu hivyo na vingine kadhaa vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Serikali haikuzaliwa na ngozi, kabila wala dini. Ina polisi, ina vyombo vya habari, ina wasemaji wa kulipwa, na ikitukanwa inaweza kujibu asubuhi inayofuata.

Anayehitaji ulinzi ni mtoto mwenye ualbino wa kijijini Kanda ya Ziwa. Watoto kama yeye wamekatwa viungo kwa sababu kuna mganga aliyesema viungo vyao huleta utajiri. Maneno yalitangulia panga, kama Rwanda. Januari 2015 serikali ilipopiga marufuku wapiga ramli, ilifanya sawa, na mwenye busara hawezi kusema uhuru wa kujieleza ulikufa siku hiyo.

Nataka basi sheria inayomwadhibu anayewafanya watu windo kwa asili yao, imani yao au maumbile yao. Ukosoaji wa watawala usiguswe, hata ukiwa mchungu. Na serikali iliyoudhika isiwe yenyewe mwamuzi wa mwisho.

Hili la mwisho ndilo tulilolipoteza. Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililomruhusu mwananchi au asasi kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika. Rwanda ilifanya hivyo 2016, shauri la Ingabire likiwa bado mezani. Leo mkazi wa Sakina au Njiro akifungwa kwa kauli yake, hawezi kufungua shauri mwenyewe katika mahakama iliyo mjini kwake. Serikali ilirudishe tamko hilo. Na mbunge wangu, popote ulipo, usinyooshe mkono kupitisha kifungu kipya cha kauli za chuki kabla halijarudi.