Waliokimbia na Waliokwenda

Hapa kwetu Mpuguso bahari ni habari ya kusikia tu. Tunachokijua ni mvua, migomba na chai. Ndiyo maana mtu akisema kwamba vita na Wajapani ilikuwa ya Wazungu, huko baharini, wengi wetu huitikia. Mimi nasema huo ni uongo, na ni uongo nilioufundisha mwenyewe.

Nilipokuwa mwalimu niliandika ubaoni: "Waingereza waliwashinda Wajapani Burma." Watoto wakanakili. Jioni nilirudi nyumbani nikampita barazani babu yangu mdogo, mzee aliyekuwa keya na kufika Burma yenyewe. Nilimwamkia, nikaingia ndani. Sikumwuliza neno, na sasa hayupo.

Tuanze na waliokimbia. Singapore ilianguka tarehe 15 Februari 1942. Siku za mwisho meli ziliondoka zimejaa watu, na nyingi zikazamishwa njiani. Waliobaki, askari zaidi ya 80,000 wa Uingereza, India na Australia, walitekwa. Aprili mwaka huo ndege za Kijapani zikapiga Colombo na Trincomalee, zikazamisha na manowari. Admirali Somerville akarudisha nyuma meli zake kuukuu. Zilikuja kutia nanga wapi? Kilindini, Mombasa. Hata wataalamu waliofumbua simu za siri za Wajapani walihama Singapore, wakahama Colombo, wakaishia katika shule ya Allidina Visram, Mombasa.

Siwaiti waoga. Kiongozi anayewaua mabaharia wake bure hana sifa. Lakini tuliite jambo kwa jina lake: walikimbia, na walikokimbilia ni kwetu.

Je, waliokwenda kule walikotoka wenzao ni akina nani? Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo, imepakia askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 1,300. Mwaka huo huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vijana wa Tanganyika na nchi jirani, iliwasukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, kwenye mvua na matope, hadi mto Chindwin.

Wapo watakaoniambia kwamba vijana hao walimtumikia mkoloni, basi fahari iko wapi? Sitafuti fahari. Nadai hesabu. Deni halifutiki kwa sababu aliyekopeshwa alikuwa bwana. Na mdai akikaa kimya, mdaiwa atajiandikia daftari apendavyo. Sisi tumefanya zaidi ya kukaa kimya: tumelinakili daftari lake ubaoni.

Enyi walimu wenzangu, wazee wale ni kama wamekwisha, lakini wajukuu wapo. Watumeni wanafunzi nyumbani wakaulize: babu alikwenda wapi, alipanda meli gani, nani hakurudi? Majibu yaandikwe ubaoni, nayo yanakiliwe. Mimi nilipita barazani bila kuuliza. Ninyi msipite.