Mwacheni Ateleze na Wanawe



Leo sina mshono mpya wa kuwaonesha wala rangi za msimu. Nina hasira. Nimeiweka wiki nzima nikidhani itapoa, imegoma kupoa, basi nawaletea ilivyo.

Wiki mbili zilizopita niliweka picha kwenye status yangu. Ni ya shoga yangu anayeishi Lyon, Ufaransa, na nilimwomba ruhusa kabla sijaiweka. Yuko mlimani na mumewe na watoto wao watatu, theluji imelala mpaka kwenye matawi ya misonobari, kila mmoja ana ski miguuni na fimbo mbili mikononi. Yeye kajifunga hijabu ya sufu, juu yake kofia, koti limefika magotini, glavu, suruali pana ya baridi. Kinachoonekana ni uso na meno, maana alikuwa anacheka. Chini yake niliandika: "Maa shaa Allah, mapumziko ya familia."

Wengi wenu mlileta dua, Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini wengine! Mmoja aliandika, "Mama mzima anateleza kama mtoto?" Mwingine, "Suruali hiyo mumewe kairidhia?" Na ule ulioniuma kuliko yote: "Juzi tu alikuwa kwenye foleni ya mahindi Mtendeli, leo anajiona mzungu." Aliyeandika huo namjua, gauni lake la harusi nililishona mimi. Halafu picha ikachukuliwa, ikazungushwa kwenye makundi, mpaka ikamfikia mwenyewe kule kule Lyon. Akanipigia. Hakugomba, hakulia, aliniomba niitoe tu. Nimeitoa. Kabla ya kukata simu akasema mwakani watoto wataenda na baba yao, yeye atabaki nyumbani.

Sasa nisikilizeni.

Nianze na Mtendeli, kwa kuwa mmeitaja nyinyi. Mtendeli iko Kakonko, wilaya ambayo zamani ilikuwa ndani ya Kibondo. Kambi ilifunguliwa tena Januari 2016, wakati Warundi walipokuwa wakiingia kwa maelfu na Nyarugusu ya Kasulu imefurika. Mwisho wa 2021 ikafungwa, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Mimi wakati huo nilikuwa nimetoka kumaliza kozi ya ushonaji, nina cherehani moja ya miguu na meza ya kukodi upande wa kijijini. Shoga yangu alikuwa upande wa kambini. Ni mtu wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa wa Waislamu na Waswahili, ndiyo maana tulielewana tangu siku ya kwanza ya soko. Kiswahili chake kilikuwa kinanishinda mimi Muha. Mumewe alikuwa ametangulia Ulaya na hajui lini ataweza kuwaita. Alikuwa na watoto wawili, mmoja mgongoni.

Mnajua maisha ya kambi? Bila kibali hutoki. Kasulu mjini ni pale, Kibondo ni pale, lakini kwako ni kama Uarabuni. Mlima kwake haukuwa kitu cha kutazama na kusema subhanallah, ulikuwa mahali pa kutafuta kuni. Na kila alipokwenda kuni alikuwa ananiaga kama mtu anayesafiri, maana mwanamke aliyekwenda porini peke yake alikuwa hana hakika ya kurudi salama. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu milimani mnazijua, nyinyi wa visiwani mkija mnatetemeka. Yeye alikuwa anatetemeka ndani ya nyumba ya turubai, kanga moja kajifunga, nyingine kamfunika mtoto.

Sasa mwanamke huyo, baada ya miaka, Mwenyezi Mungu kamkutanisha na mumewe. Kajifunza lugha, anafanya kazi, kazaa wa tatu. Watoto shuleni wakafundishwa ski, kwa kuwa kule karibu na milima shule huwapeleka watoto kwenye theluji kama huku wanavyopelekwa kwenye mpira. Wakarudi nyumbani wakimsumbua, mama twende, mama twende. Akaenda. Na sisi tuliompigia makofi alipokuwa anateseka kwa subira, tunamtukana alipocheka siku moja. Mkimbizi tunampenda akiwa na njaa tu?

Mchezo wenyewe nauona haujaeleweka, ndiyo maana wengine wamefikiria mambo ya sinema. Ziko ski za kushuka kwa kasi, unapandishwa juu kwa mashine ya waya kisha unaporomoka. Zile ni ghali na ni za hatari kwa asiyejua. Ya shoga yangu si hiyo. Yake ni ya kutembea msituni, wenyewe wanaita ski de fond. Mbao zake ni ndefu na nyembamba, kiatu kimeshikwa kwenye vidole tu na kisigino kinainuka, mfano wa kandambili. Mashine hupita asubuhi kushindilia theluji na kuchora mifereji miwili kama reli, wewe unaweka miguu humo unajisukuma kwa fimbo. Kupanda unapanda kwa miguu yako mwenyewe. Jasho linatoka! Mama, baba na mtoto wa miaka sita wanaweza kwenda pamoja, taratibu, wanaongea. Vifaa vinakodishwa, na kiingilio chake ni cha chini kuliko cha ile ya mashine za waya. Walikwenda Vercors, nyanda za juu karibu na Grenoble, upande wa Autrans, hapo hapo yalipofanyika mashindano ya mchezo huu katika Olimpiki ya 1968. Alianguka mara nyingi kuliko watoto wake, na mdogo ndiye aliyekuwa anamwinua. Kila akisimulia anakwama hapo kwa kicheko. Alikuwa anakwama, niseme. Sasa hasimulii tena.

Tuje kwenye stara, na hapa naomba niongee kama fundi cherehani, fatwa nawaachia wenye elimu yake. Mimi nguo naijua. Mavazi ya theluji ni tabaka tatu. Ya ndani ni nyembamba, ya sufu au polyester, inavuta jasho litoke mwilini. Pamba hapana, pamba inanywa jasho na kukaa nalo, na kwenye baridi ile utaganda. Ya katikati ni ya manyoya laini ya kutunza joto. Ya juu inazuia upepo na maji. Hapo hujaweka kofia, glavu, soksi ndefu, miwani. Nioneshe harusi moja ya mwaka huu, iwe Unguja, iwe Kigoma mjini, ambayo bibi harusi alisitirika kiasi hicho. Nashona magauni, naombwa "hapa bana fundi, bana zaidi", na wanaoniomba ni haohao walioandika habari ya suruali. Ikiwa shida ni umbo la mguu, sawa, hilo lina dawa, nami nimeshaanza kulishughulikia, nitawaambia chini. Lakini msiseme kavua haya. Kavaa kuliko sisi wote.

Na la kucheza? Mama mzima haruhusiwi kucheza? Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, wakiwa safarini. Mara ya kwanza akamshinda. Baadaye alipojaa mwili akashindwa yeye, na Mtume akamtania kwamba hii ni kwa ile. Hadithi hii tunaisoma kwenye kila kitchen party kumfundisha bibi harusi jinsi ya kuishi na mume kwa mapenzi. Tunalia kwa utamu wake. Kisha mwenzetu akicheza na mumewe na wanawe, kwenye safari ya halali, tunauliza akili yake iko wapi.

Msije mkadhani naisifia Ufaransa. Sheria yao ya 2010, iliyoanza kutumika Aprili 2011, inakataza mtu kufunika uso hadharani, na faini inafika euro 150. Lakini sheria hiyohiyo inatoa ruhusa ukifunika uso kwa ajili ya michezo. Kwa hiyo mlimani mtu anavaa boshori mpaka puani na miwani mikubwa juu yake, humjui ni Juma au ni Mwajuma, na hakuna askari wa kumsogelea. Akishuka mjini dada mwenye niqabu, anatozwa. Na Grenoble hiyohiyo, ambayo kutoka Autrans ni safari isiyofika saa moja kwa gari, Mei 2022 baraza la jiji lilipiga kura kuruhusu burkini kwenye mabwawa ya jiji. Juni mwaka huo mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikalizuia. Yaani kwenye theluji ukijifunika ni mwanamichezo, kwenye maji ukijifunika ni tatizo la taifa. Binti yake mkubwa shuleni hawezi kuvaa hijabu, sheria ya 2004 inakataza, na tangu 2023 hata abaya imepigwa marufuku katika shule za serikali.

Shoga yangu anaishi na hayo kila siku. Kila anapotoka mlangoni kuna mtu anayepima kitambaa chake kwamba ni kingi mno. Mlimani, aliniambia, ndiyo mara ya kwanza tangu afike kule ambapo hakuna aliyegeuka kumtazama, kwa sababu kila mtu alikuwa amejifunika kama yeye. Kisha akafungua simu akatukuta sisi, tunapima kwamba ni kichache. Huko wanamvuta kitambaa, huku tunamvuta kitambaa. Jamani, aende wapi?

Na wewe uliyesema theluji si mambo ya mtu mweusi, muulize jirani yako Mkenya habari za Philip Boit. Mkimbiaji, mtu wa Bonde la Ufa, theluji hakuiona mpaka alipopelekwa Finland 1996. Mwaka 1998 akashiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, kilomita 10, mchezo huuhuu wa kutembea kwa ski. Alikuwa wa mwisho, nafasi ya 92, dakika 20 hivi nyuma ya mshindi. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alikataa kuondoka, akamngojea kwenye baridi mpaka afike, akamkumbatia. Boit akarudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie. Mgeni alimngoja Mwafrika wa mwisho amalize. Sisi tumeshindwa kumngojea mwenzetu ainuke tu kutoka kwenye theluji.

Mabibi harusi mlionitumia ujumbe wa faragha kuuliza kama fungate ya theluji inawezekana: inawezekana, kama mnazo. Kama hamna, msikope kikoba kwa ajili ya picha. Wenye nafasi, chukueni nyumba ndogo ya kupanga mpike wenyewe, kwa sababu vyakula vya milima ile vina mitego. Fondue yao ni jibini iliyoyeyushwa kwa mvinyo mweupe. Raclette ni jibini pia, ila huletwa mezani na nyama za nguruwe. Shoga yangu alibeba mchele, maharage na nyama ya halali kutoka Lyon. Sala hawakupunguza, kwa kuwa walikusudia kukaa wiki nzima, na kwetu sisi Mashafii ukinuia siku nne kamili umeshatoka kwenye hukumu ya msafiri. Muulizeni shekhe wenu kabla ya kuondoka. Siku za baridi ni fupi, Alasiri inawahi. Wao walikuwa wanatoka asubuhi na kurudi kuswali Adhuhuri nyumbani.

Sasa lile la mguu. Nimemkatia kanzu fupi ya kupita magoti, kitambaa kisichoshika maji, mipasuo miwili ya pembeni, na ndani ya kila mpasuo nimeshona kipande cha pembetatu ili mguu uende nyuma bila paja kuchoreka. Pindo nimelitia lastiki upepo usiliinue. Rangi nimechagua nyekundu, aonekane vizuri akianguka. Hajui kwamba namshonea.

Na wewe dada wa foleni ya mahindi. Yale maua ya shanga kifuani mwa gauni lako, yaliyokufanya usimame mbele ya kioo changu ukalia kwa furaha, mimi sikufundishwa chuoni. Alinifundisha yeye, Mtendeli, 2017, tumekaa juu ya gunia, watoto wake wamelala miguuni kwetu.

Kanzu inaondoka Ijumaa na msafiri. Mwenye neno la kumwambia aniletee kabla ya hapo, nitalikunja pamoja na kitambaa.