Barua ya Wiki: "Nimemwachisha Mtoto Titi kwa Sababu ya Busu"

Wiki hii tunajibu barua moja tu, kwa sababu ndani yake kuna mtoto wa miezi minane.

Dada anayetuandikia aliachwa na bwana wake tangu mimba. Wiki nne zilizopita alikuwa pamoja na kijana anayechimba kasiterite huko Bisie. Walibusiana, wakashikana-shikana juu ya nguo, basi. Hawakulala pamoja. Juma lililopita akasikia sokoni kwamba yule kijana anameza vidonge kila asubuhi. Tangu siku hiyo hapati usingizi, tumbo linaharisha, moyo unapiga mbio, na kila kitu mwilini anakiona ni sida. Akamtoa mtoto kwenye titi, anampa uji mwepesi.

Dada yangu, mrudishe mtoto kwenye titi leo. Kama maziwa yamepungua, yeye mwenyewe atayarudisha kwa kunyonya mara nyingi. Umeandika kwamba ulipimwa wakati wa mimba, ukaonekana mzima. Virusi vya sida vinapita kwa damu, shahawa, majimaji ya uke, na maziwa ya mama aliye navyo. Mate na jasho havipitishi, wala mikono juu ya nguo. Kuharisha na moyo kwenda mbio, hofu peke yake inaweza kuvileta.

Na vile vidonge? Pengine ni vya kifua kikuu, pengine vya presha. Hata vikiwa vya sida, mtu anayemeza vizuri mpaka kipimo cha damu hakioni tena virusi hamwambukizi mwenzake, hata wakilala pamoja. (Wanaotangaza dawa za wenzao sokoni, tutawarudia siku nyingine.)

Sitasema busu haliwezi kuleta kitu. Mpox, iliyoenea sana Kamituga kuanzia 2023, inapita kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa busu pia. Lakini dalili zake hutokea ndani ya siku 21. Siku hizo zimepita, na hujaona kipele wala homa.

Aliyelala na mtu bila kondomu, au aliyebakwa, habari yake ni nyingine: akimbie kituo cha afya siku ileile. Dawa ya kuzuia sida inaanzwa kabla ya masaa 72, inamezwa siku 28. Sisi tunaopita barabara ya Luvungi, tangu 2010 hatuhitaji kuelezwa kwa nini mwanamke ajue hesabu hiyo.

Ukitaka kupimwa ili ulale, nenda, lakini mara moja. Mimi niliwahi kupimwa mara nne kwa miezi miwili, kila mara nikisema safari hii nitaamini.

Siku ya kupima watoto, mpeleke wako, umwambie muuguzi kwamba aliacha titi kwa juma zima. Sababu si lazima umwambie.