Kompyuta ya zamani bado ina kazi, tusiitupe

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft imefunga msaada wake wa kawaida kwa Windows 10. Mashini zinawaka kama jana, lakini matundu mapya ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, isipokuwa kwa yule aliyejiandikisha katika mpango wa nyongeza, ambao kwa watumiaji wa nyumbani unaishia Oktoba 2026. Wengine wote wanaambiwa wahamie Windows 11.

Hapo ndipo shida inaanza. Windows 11 haikubali kila mashini. Inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inadai kwa kawaida prosesa ya kizazi cha nane ao zaidi, yaani zilizoanza kutoka mwaka 2017. Sasa tuangalie kompyuta zilizo mikononi mwetu, Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia. Nyingi ni za okazyo, zimefika hapa zikiwa zimekwisha kutumika miaka mitano ao sita katika biro ya mtu mwingine. Ndizo wanafunzi wanaandikia TFC zao. Ndizo zinachapa barua katika sekretariati publiki, zinatunza hesabu za duka na orodha za wagonjwa.

Maoni yangu ni haya: mashini hizo bado zinaweza kufanya kazi miaka mingi, mradi tuziwekee upya mfumo endeshi unaozikubali. Mfumo huo upo, ni wa bure, unaitwa Linux. Njia nyingine ambazo watu wanafuata sasa zitatugharimu.

Njia ya kwanza ni kunyamaza na kuendelea na Windows ya zamani. Tukumbuke mwezi wa tano 2017. Virusi WannaCry ilifunga faili za kompyuta zaidi ya 200.000 katika nchi karibu 150, ikidai malipo ili izifungue. Huko Uingereza, hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani. Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya tundu hilo tangu mwezi wa tatu. Walioumia ni wale ambao mashini zao hazikuwa zimeipokea. Kwetu, ambako flashi moja inapita katika mashini kumi kwa siku, kubaki bila marekebisho ni kuacha mlango wazi usiku.

Njia ya pili ni ile ya mafundi wengi wa mjini: kuformata mashini na kuilazimisha ikubali Windows 11, mara nyingi kwa kopi isiyo na lisansi. Inawezekana, na mashini itawaka. Lakini Microsoft yenyewe inasema haihakikishi kwamba mashini isiyotimiza masharti itaendelea kupata marekebisho. Na kopi ya kuiba, hakuna anayejua nani aliigusa kabla ya fundi. Mteja analipa, anarudi nyumbani na furaha, kumbe nenosiri zake zinaweza kusomwa na mtu asiyemjua.

Njia ya tatu ni kununua mpya. Mwenye dola anunue. Lakini mwalimu anayengoja mshahara, ama mfanyabiashara wa Goma aliyeona mabenki yakifunga milango mwanzoni mwa 2025, atazitoa wapi?

Linux ilianza mwaka 1991 kwa kazi ya Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland, na leo inaendesha sehemu kubwa ya seva za dunia. Toleo kama Linux Mint linakubali mashini yenye RAM ya giga 2, ingawa giga 4 ni bora, na toleo lake la 22 litapata marekebisho hadi mwaka 2029. Lipo kwa Kifaransa. Faili yake ni ya karibu giga 3: mtu mmoja anaipakua mara moja, tena kutoka ukurasa rasmi wa mradi wenyewe, kisha flashi ileile inatengeneza mashini hamsini za shule, bila kuvunja sheria yoyote. Kwa bei ya mega tunayoijua, hilo si jambo dogo.

Wengine watasema: kazi zetu zinataka Windows. Kwa baadhi ni kweli. Programu kadhaa za uhasibu na za ramani za ujenzi haziendi kwenye Linux, na mwenye kuzitegemea asiharakishe. Lakini tuhesabu kwa ukweli kazi za kila siku. Zone za afya zinatuma takwimu kupitia DHIS2, mashirika yanakusanya habari kupitia KoboToolbox, na vyote hivyo vinafunguka ndani ya kivinjari cha intaneti. Barua na TFC, LibreOffice inaziandika na kufungua faili za Word. Mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo, basi geuza kazi kuwa PDF kabla ya kuipeleka kuchapwa.

Kuna mambo ya kuangalia kabla ya kuanza. Nakili faili zako zote mahali pawili, kwani kuformata hakuna huruma. Washa kwanza Linux kutoka kwenye flashi, bila kugusa disko, ujaribu Wi-Fi, sauti, klavye na mashini ya kuchapa. Betri iwe imejaa: umeme ukikatika katikati ya kazi, utaanza upya. Na ukienda kwa fundi, muulize anaweka mfumo gani, na ameutoa wapi. Fundi mwaminifu hatakasirika.

Sisi wa mashariki mwa Kongo tuna sababu nyingine. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za takataka za elektroniki, na chini ya robo ndiyo ilikusanywa inavyopaswa. Ndani ya kompyuta mna tantali inayotokana na koltani, na bati inayotokana na kasiteriti. Tunajua madini hayo yanachimbwa Rubaya na Walikale, na tunajua watu wetu wanalipa nini juu yake. Kutupa mashini nzima kwa sababu kampuni moja imebadili masharti ni kudharau jasho hilo.

Kwa hiyo maprefe wa shule, wakuu wa vyuo na waganga wakuu wa zone wasingoje msaada wa mashini mpya. Wachague mashini tano zilizofungiwa katika depo, wamwite fundi mmoja na wanafunzi wawili wanaopenda kazi hiyo, wajaribu kwa mwezi mmoja. Zikifanya kazi, waendelee na nyingine. Na mashirika yanayotugawia kompyuta za okazyo yaulizwe swali moja kabla ya kupigwa picha: mfumo uliomo utapata marekebisho hadi mwaka gani?