Bomba la Sindano na Nuru ya Macho

Majuzi alifika ofisini kwetu mzee mmoja, fundi seremala wa hapa Unguja, akiwa na lalamiko ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza tulidhani ni la mtu aliyezidiwa na hofu. Alisema kwamba tangu alipodungwa sindano ya tatu katika jicho lake la kulia, lililodhuriwa na maradhi ya kisukari, kila atazamapo mbingu au ukuta mweupe huona viduara vidogo vidogo vikielea upande wa chini, mfano wa mafuta juu ya mchuzi. Alipouliza alijibiwa kwamba ni upepo ulioingia pamoja na dawa, nao utatoweka baada ya siku mbili. Miezi minne imepita na viduara vingalipo. Kwa hiyo mzee wetu ameapa kwamba hatavuka tena bahari kwenda kudungwa.

Tumelifuatilia jambo hili kwa wanaolijua, na tumebaini kwamba yaliyomo katika lalamiko la mzee huyu si mageni katika ulimwengu wa utabibu. Ni daktari wa macho peke yake awezaye kuthibitisha kilichomo ndani ya jicho lake. Lakini habari aliyoieleza inafanana mno na ile iliyokwisha kuandikwa na madaktari wa nchi nyingine kwa miaka mingi, nayo yahusu mafuta yanayopakwa ndani ya bomba la sindano.

Wasomaji wetu wengi wamepata kulishika bomba la sindano la plastiki. Ndani yake mna kijiti cha kusukumia dawa, na kwenye ncha ya kijiti hicho mna mpira. Mpira huo hauwezi kuteleza vizuri juu ya plastiki kavu, hivyo kiwandani hupakwa mafuta ya silikoni. Kanuni za kimataifa za utengenezaji wa mabomba hayo zinaruhusu kilainishi hicho kwa kiasi kilichowekewa mpaka, kwani yamekusudiwa kutia dawa katika msuli, mshipa au chini ya ngozi, mahali ambapo chembe za mafuta hayo hazionekani na mtu wala hazimsumbui kwa namna anayoitambua.

Jicho lina hali yake. Ute ulio ndani yake haufiki mililita tano, nao ni mwangavu ili nuru ipite hadi kwenye retina. Tone dogo la mafuta likiingia humo hutupa kivuli, na mwenye jicho hukiona. Mafuta hayo ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo hupanda sehemu ya juu ya jicho. Na kwa sababu taswira hupinduka ndani ya jicho, mgonjwa huyaona kwa chini. Upepo nao huonekana vivyo hivyo, bali kwa kawaida hutoweka baada ya siku moja au mbili. Mafuta ya silikoni hayayeyuki, nayo huweza kukaa miezi, hata miaka.

Mwaka 2008 madaktari wa Marekani waliandika juu ya matone ya silikoni waliyoyaona katika macho ya wagonjwa waliodungwa dawa. Mwaka 2017 wenzao wa nchi hiyo hiyo waliandika juu ya wagonjwa waliotiwa dawa ya bevasizumabu iliyojazwa katika mabomba yaliyotengenezwa kwa ajili ya insulini. Mwaka 2019 wataalamu wa Brazil nao walieleza jinsi mabomba ambayo hayakukusudiwa macho yanavyoachia mafuta, na kwamba ile desturi ya kuligonga bomba kwa kidole ili upepo upande juu huzidisha mafuta yanayobanduka. Kwa hiyo mkono uliozoea kutenda jambo kwa nia njema ndio unaoweza kuleta madhara.

Hatupendi msomaji yeyote aichukie dawa kwa sababu ya chombo. Dawa hizi huzuia mishipa ya damu iliyoota pasipostahili, au iliyodhoofishwa na kisukari, isivuje na kuiharibu retina. Watu wengi duniani wanasoma na kushona leo kwa sababu yake. Bevasizumabu ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya saratani, na kichupa kimoja chaweza kugawanywa kwa macho mengi, kwa kuwa jicho moja huhitaji sehemu ya ishirini tu ya mililita. Ndiyo maana ni nafuu, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu za macho mwaka 2013. Kwa nchi zenye kipato kama chetu, kuikataa dawa hiyo ni kuyakubali magiza.

Wala hatusemi kwamba kila tone la silikoni ni msiba. Wapasuaji wa macho wenyewe hutumia mafuta ya silikoni yaliyosafishwa kuishikilia retina iliyobanduka, na mara nyingi huyatoa baadaye. Wagonjwa wengi wenye matone machache huyazoea. Lakini matibabu haya hayamaliziki kwa sindano moja. Wapo wanaodungwa kila mwezi, na wapo wanaodungwa kwa miaka. Haba na haba hujaza kibaba, na methali hiyo tuliyoizoea katika kuweka akiba ina ukweli wake hapa pia. Wamekuwapo wagonjwa waliolazimika kufanyiwa upasuaji ili matone hayo yaondolewe, na wapo wataalamu wanaoyahusisha mafuta hayo na uvimbe ndani ya jicho.

Hata hivyo, kwa maoni yetu, hatari iliyo kubwa zaidi ni ile aliyotuonyesha mzee seremala bila ya kukusudia. Ameona kitu cha kweli, ameambiwa si kitu, naye ameacha tiba. Hatapofushwa na mafuta. Atapofushwa na kisukari kilichoachwa kiendelee bila ya kuzuiwa. Mgonjwa aliyeelezwa mapema hustahimili mengi, lakini aliyedanganywa, hata kwa wema, huondoka na wala harudi, tena huwazuia na jirani zake wasiende.

Tunajua jibu litakalotolewa na baadhi ya maofisa wetu. Watasema kwamba hospitali zina upungufu wa mambo makubwa zaidi, na kwamba kuhangaikia mafuta ya bomba ni anasa. Hatukubaliani nao. Bomba ni kitu cha bei ndogo kikilinganishwa na dawa inayotiwa ndani yake, na bei hiyo ni ndogo zaidi ikilinganishwa na nauli ya boti, siku za kazi zilizopotea, na jicho la mtu anayetegemewa na nyumba nzima. Aidha, sehemu kubwa ya tunayoyaomba haihitaji fedha ila uangalifu.

Kwanza, tunawaomba waganga na wauguzi wanaohusika na sindano za macho waache kuligonga bomba. Upepo waweza kutolewa kwa kulisimamisha bomba wima na kusukuma taratibu.

Pili, tunaiomba Wizara ya Afya na wote wenye dhamana ya ununuzi waandike waziwazi katika maombi ya zabuni kwamba mabomba ya tiba ya macho yawe ni yale yasiyopakwa mafuta ya silikoni. Mabomba hayo yapo duniani. Lakini yasinunuliwe kwa jina tu. Waulizwe madaktari wa macho kama yanapima kwa usahihi kiasi kidogo kinachohitajiwa, na wanaogawa dawa katika mabomba waulizwe itakaa humo siku ngapi na katika hali gani.

Tatu, kila kliniki ya macho iwe na daftari ambamo patandikwa malalamiko ya namna hii pamoja na aina na namba ya toleo la bomba lililotumika. Bila ya daftari hilo, kila mgonjwa ataonekana ni wa kwanza, na kila lalamiko litaonekana ni dhana.

Nne, na hili ndilo jepesi kuliko yote, mgonjwa aambiwe kabla ya kudungwa. Aambiwe kwamba huenda akaona vivuli, na kwamba visipotoweka arudi asikilizwe. Aelezwe pia dalili zisizongoja: jicho likiuma na kuwa jekundu, nuru ikipungua ghafla, akiona mimweko, vivuli vingi vipya, au kitu kama pazia linaloshuka, akimbilie hospitali siku hiyo hiyo. Hizo huweza kuwa ni dalili za kuingiwa na vijidudu au kubanduka kwa retina, na kuchelewa hata siku moja kunaweza kuligharimu jicho.

Kwa wananchi wenzetu wa Unguja na Pemba tunasema hivi: msiiache tiba. Mkiona viduara, semeni. Msiposikilizwa, semeni tena. Haki ya mgonjwa kuuliza kilichotiwa mwilini mwake haipungui kwa kuwa yeye si msomi wa utabibu.

Mzee wetu tulizungumza naye kwa kitambo. Amekubali kurudi kwa daktari wake, kwa sharti moja tu, kwamba safari hii atazamwe jicho kabla ya kujibiwa. Tunaona sharti hilo ni la haki, na tunatumaini kwamba wenye mamlaka watalitimiza kwake na kwa wengine wote walionyamaza.