Wallace wa Hati na Wallace wa Filamu

Tangu filamu ya Braveheart ilipotoka mwaka 1995, ukimtaja William Wallace mbele ya watu wengi utaletewa picha ileile: mwanamume wa nywele ndefu, uso umepakwa rangi ya buluu, kavaa kilti, anapigana na Mfalme wa Uingereza kwa sababu mkewe amechinjwa. Picha hiyo imeingia hadi kwenye mawe. Mwaka 1997 sanamu ya Wallace yenye sura ya mwigizaji Mel Gibson ilisimamishwa chini ya mnara wake wa ukumbusho, nje ya mji wa Stirling, ikakaa pale zaidi ya miaka kumi kabla ya kuondolewa. Wallace mwenyewe hakuacha picha. Aliacha hati chache, na adui zake waliacha nyingine. Hati hizo zinamwonyesha mtu wa aina nyingine kabisa, tena ninayemheshimu kuliko yule wa filamu. Ndiyo maana inafaa madai yanayomzunguka yapimwe moja baada ya jingine.

Tuanze na dai linalobeba mengine yote: kwamba hadithi hii, hata ikiwa imetiwa chumvi, ilitoka kwa watu waliokuwa karibu na matukio. Haikutoka huko. Mwandishi wa filamu, Randall Wallace, aliegemea utenzi mrefu wa mshairi anayeitwa Blind Harry, uliotungwa katika miaka ya 1470. Wallace aliuawa mwaka 1305. Kati ya kifo chake na utenzi huo ilipita miaka zaidi ya 160, na hakuna mzee anayeishi muda huo ili amsimulie mshairi aliyoyaona. Harry alidai kwamba anafuata kitabu cha Kilatini cha John Blair, kasisi wa Wallace. Kitabu hicho hakijapata kuonekana. Tena mshairi huyu alikuwa na ugomvi wa zama zake. Mfalme James wa Tatu alikuwa akitafuta suluhu na Uingereza, na Harry hakuitaka suluhu hiyo, kwa hiyo alihitaji shujaa asiyejua kusamehe. Alimpa Wallace vita ambavyo havikupiganwa, kama vile vya Biggar. Mwaka 1722 William Hamilton wa Gilbertfield aliuandika upya utenzi huo kwa lugha nyepesi, ukasomwa majumbani kote, na Robert Burns alikuwa mmoja wa waliokua nao. Hivyo ndivyo utungo wa kisiasa wa karne ya 15 ulivyogeuka kuwa kumbukumbu ya taifa kuhusu karne ya 13.

Harry huyohuyo anasema baba yake Wallace ni Sir Malcolm, bwana wa Elderslie. Hapa tuna bahati ya pekee, kwa maana Wallace mwenyewe anaweza kujibu. Katika kumbukumbu za mji wa Lübeck, Ujerumani, imehifadhiwa barua ya mwaka 1297 yenye muhuri wake. Upande mmoja una simba wa kifalme wa Uskoti. Upande wa pili una upinde uliovutwa na mshale wake, na maandishi ya Kilatini yanayomtaja William kuwa mwana wa Alan. Mtu hakosei jina la babaye kwenye muhuri wake. Tena yupo Alan Wallace wa Ayrshire katika orodha ya Waskoti walioapa utii kwa Mfalme Edward wa Kwanza mwaka 1296. Huenda ndiye na huenda siye, lakini Malcolm hana hati hata moja ya kumtetea.

Muhuri huo unaligusa na dai jingine, kwamba Wallace alikuwa mkulima maskini aliyeinuka kutoka shambani. Alitoka katika jamii ya wenye ardhi wadogo, watu wa tabaka la chini la mashujaa wa farasi, na upinde ule unadokeza kwamba huenda alijipatia riziki kwa kupiga mishale. Hakuwa kabaila mkubwa, hilo ni kweli, na kwa zama zile ilikuwa ajabu mtu wa ngazi yake kuongoza ufalme. Ila kati ya kabaila na mkulima palikuwa na ngazi nyingi, na kumshusha hadi ya mwisho ni kumpendezesha kwa watazamaji wa leo.

Sasa tufike kwenye kiini. Filamu inasema Edward aliwapa makabaila wake haki ya kulala na kila bibi harusi wa Kiskoti usiku wa kwanza, Wallace akaoa kwa siri, mkewe akauawa, naye akalipiza. Haki hiyo haikuwapo. Hakuna sheria, amri wala kesi ya Uskoti ya enzi hizo inayoitaja. Inachipuka katika historia ya Hector Boece ya mwaka 1527, tena akimsingizia mfalme wa kubuni wa zama za kale mno. Na mke? Marion Braidfute ni mtu wa utenzi. Hati za maisha ya Wallace hazimjui.

Kilichotokea Lanark, Mei 1297, tunakifahamu kwa njia mbili zinazoaminika. Moja ni mashtaka yaliyosomwa dhidi ya Wallace mwenyewe miaka minane baadaye: kwamba alimvamia William Heselrig, sherifu wa Mfalme Edward, siku sherifu huyo alipokuwa akiendesha baraza la wilaya, akamuua na kuukatakata mwili wake. Nyingine ni ya familia iliyokuwa upande wa Waingereza. Sir Thomas Gray alikuwapo katika mapambano hayo. Aliachwa uchi akidhaniwa amekufa, akapona baridi ya usiku kwa sababu nyumba mbili zilikuwa zikiungua, moja kila upande wake. Mwanawe aliyeitwa kwa jina hilohilo aliiandika habari hiyo katika kitabu chake cha historia nusu karne baadaye. Si mashtaka, si kumbukumbu ya kina Gray, inayomtaja mwanamke. Aliyelengwa alikuwa ofisa wa serikali ya kigeni, naye alilengwa akiwa kazini, anahukumu. Hilo ni pigo la kisiasa. Ukiligeuza kuwa kisasi cha mume aliyefiwa, umemnyang'anya Wallace akili yake.

Na siasa yenyewe filamu inaivuruga tangu mwanzo, inapotangaza kwamba mwaka 1280 mfalme wa Uskoti alikuwa amekufa na Edward ameshaitwaa nchi. Mwaka 1280 Alexander wa Tatu alikuwa hai, na Uskoti na Uingereza zilikuwa na amani. Alikufa Machi 1286 kwa kuanguka na farasi usiku. Mjukuu wake Margaret, mtoto mdogo, alifia safarini akitoka Norway mwaka 1290. Waskoti wenyewe ndio waliomwalika Edward awe msuluhishi kati ya wadai wa kiti, akampa John Balliol mwaka 1292, kisha akamtendea kama kibaraka. Balliol alipofunga mkataba na Ufaransa, Edward alivamia mwaka 1296: akauteka mji wa Berwick kwa mauaji makubwa, akalishinda jeshi la Uskoti huko Dunbar, akamvua Balliol ufalme. Wallace aliinuka mwaka mmoja baada ya hapo, wala si baada ya miaka mingi ya utumwa wa kimya.

Inadaiwa pia kwamba ushindi wa Stirling ulikuwa wake peke yake, kwenye uwanja wa wazi. Vita vya Septemba 11, 1297 vinaitwa Vita vya Daraja la Stirling kwa sababu daraja ndilo lililoviamua, na filamu haina daraja. Lilikuwa la mbao, jembamba, la kupita farasi wawili sambamba, juu ya mto Forth. Richard Lundie, Mskoti aliyehamia upande wa Edward, alisema anajua kivuko ambapo watu sitini wangevuka kwa pamoja na kuwazunguka Waskoti. Hugh de Cressingham, mtunza hazina wa Edward, alikataa. Fedha za mfalme zilikuwa zimetumika vya kutosha, vita viishe leo. Waskoti walikaa kilimani Abbey Craig, wakawaacha maadui wavuke hadi kiasi wanachoweza kukimaliza, kisha wakashuka na mikuki na kuufunga mwisho wa daraja. Waliovuka walikatwa na wenzao wakiwatazama toka ng'ambo. Cressingham aliuawa, na Waskoti walimchuna ngozi. Jambo hilo la kutisha limeandikwa na watawa wa zama zile, na halifai kufichwa kwa sababu tu linamchafua shujaa.

Aliyeongoza pamoja na Wallace siku hiyo ni Andrew Moray, na kufutwa kwake ndiko kunakoniuma zaidi katika hadithi hii nzima. Alikuwa mwana wa ukoo mkubwa wa kaskazini. Alitekwa Dunbar, akafungwa Chester, akatoroka, na mwaka 1297 akaanzisha uasi wake mwenyewe huko kaskazini, bila kuagizwa na Wallace wala mtu yeyote, akavikomboa ngome na miji. Bila yeye jeshi la Stirling lingekuwa nusu. Alijeruhiwa, inaaminika katika vita hivyo, akafa kabla ya mwaka kwisha. Filamu haimtaji hata kwa jina.

Waraka unaomtaja ni ile barua ya Lübeck. Iliandikwa Haddington, Oktoba 11, 1297, mwezi mmoja kamili baada ya ushindi, kwa mameya na jumuiya za miji ya Lübeck na Hamburg. Waandishi wanajitambulisha kuwa viongozi wa jeshi la ufalme wa Uskoti pamoja na jumuiya ya ufalme huo, na jina la Moray linatangulia la Wallace. Wanasema nini? Wanawashukuru wakuu hao kwa msaada wao, wanawataka wawaarifu wafanyabiashara wao kwamba bandari za Uskoti sasa ziko salama kwao na kwa bidhaa zao, kwa kuwa ufalme umekombolewa kwa vita kutoka mikononi mwa Waingereza. Mwishoni wanaomba shughuli za wafanyabiashara wawili, John Burnet na John Frere, zisaidiwe kama Waskoti nao watakavyowasaidia wa kwao.

Fikiri juu ya hilo. Wiki nne tu baada ya vita, Moray akiwa na jeraha, viongozi hawa wanashughulika na bandari. Walijua kwamba nchi isiyouza sufu na ngozi zake haitanunua chuma wala chakula, na ufalme usiotambuliwa na wageni haujakuwa ufalme. Kisha tazama hati ya Machi 1298, ambapo Wallace, sasa akiwa Mlinzi wa Ufalme, anampa ardhi Alexander Scrymgeour, mbeba bendera ya kifalme. Anaitoa kwa jina la nani? La Mfalme John Balliol, yule aliyevuliwa taji na wakati huo akiwa kifungoni Uingereza. Wallace hakupigania uhuru wa jumla usio na umbo. Alipigania dola yenye mfalme halali, sheria na mihuri, na aliitumikia hata mfalme wake alipokuwa hana uwezo wa kumlipa.

Madai mengine hayahitaji muda. Rangi ya buluu usoni ni habari za watu wa kale wa enzi za Warumi. Kilti ilikuja karne nyingi baadaye, na Wallace alikuwa mtu wa nyanda za chini. Hakuuteka mji wa York. Alizivamia Northumberland na Cumberland mwishoni mwa 1297, na vijiji vilichomwa. Penzi lake na Isabella wa Ufaransa linaangushwa na hesabu tu: binti huyo alizaliwa karibu mwaka 1295, akaolewa na Edward wa Pili mwaka 1308, na mwanawe Edward wa Tatu akazaliwa 1312. Wallace alikuwa kaburini miaka saba, kama neno kaburi linafaa kwa mtu aliyegawanywa vipande. Na Edward wa Kwanza hakufa saa moja na mateka wake. Alikufa Julai 1307, njiani kwenda tena Uskoti.

Robert Bruce, kabaila wa Uskoti, naye amedhulumiwa. Inadaiwa alisimama na Waingereza huko Falkirk, Julai 22, 1298, siku maduara ya mikuki ya Wallace yalipovunjwa na wapiga mishale. Uvumi huo uliandikwa na wanahistoria wa baadaye. Baada ya Falkirk, Bruce aliichoma ngome ya Ayr ili Edward asiitumie, na Wallace alipojiuzulu ulinzi wa ufalme, Bruce aliwekwa kushika nafasi hiyo pamoja na John Comyn. Msaliti wa Falkirk asingepewa cheo hicho mwaka uleule. Ni kweli Bruce alisalimu amri kwa Edward mwaka 1302, na hilo linatosha kumlaumu bila kumwongezea. Hata lile jina la filamu, moyo wa kishujaa, lina asili katika habari zake yeye: alipokufa mwaka 1329 moyo wake ulitolewa, ukachukuliwa na Sir James Douglas hadi vitani Hispania, kisha ukarudishwa kuzikwa Melrose.

Limebaki dai la mwisho, ile sauti ya kuulilia uhuru chini ya shoka. Wallace alikamatwa karibu na Glasgow mwanzoni mwa Agosti 1305 na watu wa Sir John Menteith, akafikishwa Westminster Hall Agosti 23, akahukumiwa na kuuawa Smithfield siku hiyohiyo. Neno lake tunalolijua ni hoja ya kisheria: alikana kuwa haini, kwa sababu hakupata kuwa mtu wa Edward. Mahakama haikumsikiliza, lakini karani aliyaandika mashtaka, nayo ndiyo ushahidi bora tulio nao. Baada ya mauaji na uchomaji, karani anaorodhesha kwamba Wallace aliita mabunge na mabaraza, kwamba hati zake zilitembea Uskoti nzima kana kwamba yeye ndiye mwenye enzi, na kwamba aliwashauri maaskofu na makabaila washikamane na Mfalme wa Ufaransa. Hayo hayamhusu mume mwenye uchungu. Ni orodha ya kazi za serikali, iliyotungwa na watu waliotaka kumuua kwa kuzifanya.