UCHAMBUZI: Miti bilioni 15 bila mbegu za kiasili ni hesabu tupu Kwale

MNAMO Desemba 2022, serikali ya Kenya iliahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Tangu hapo, mvua za masika zinapoanza, viongozi huonekana wakiwa na majembe na miche mikononi. Hata hivyo, kuna swali ambalo halijajibiwa ipasavyo katika Kaunti ya Kwale: ni miti ipi, na mbegu zake zitatoka wapi?

Mkulima wa Msambweni hupendelea mvinje kwa sababu baada ya miaka michache huuza boriti na kulipa karo. Hakuna wa kumlaumu. Mvule na mbambakofi, miti iliyowapa mafundi wa pwani mbao za milango, samani na vyombo vya baharini, huhitaji kizazi kizima ili kukomaa.

Isitoshe, kuotesha miti hiyo kunahitaji ujuzi. Mbegu ya mbambakofi ni nyeusi, yenye kikofia chekundu, na ganda lake ni gumu. Mwenye kitalu hukiondoa kikofia hicho, hulikwaruza ganda na kuiloweka mbegu kabla ya kuipanda. Uzuri wake ni kwamba ikikaushwa vyema hudumu muda mrefu.

Mvule ni kinyume chake. Mbegu zake ni ndogo mno, zimo ndani ya tunda laini linalopendwa na popo, na hupoteza upesi uwezo wa kuota. Zaidi ya hayo, mvule una miti ya kiume na ya kike. Jike lililobaki peke yake shambani halitazaa mbegu za kutegemewa. Hata miche ikiota, kuna mdudu anayevimbisha machipukizi yake, hasa inapopandwa kwa wingi mahali pamoja palipo peupe.

Ndiposa kila mti mama unaokatwa huondoka na miche ya kesho. Msitu wa Diani umemegwa na hoteli na majumba, na mbega wanaoutegemea wamebaki katika vipande vilivyotawanyika.

Hazina iliyosalia imo katika kaya za Wadigo na Waduruma. Kaya Kinondo ni miongoni mwa misitu mitakatifu ya Wamijikenda iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Miiko ya wazee, inayokataza kutoa chochote msituni, ndiyo iliyoihifadhi miti hiyo. Kwa hivyo, anayetaka mbegu hana budi kupiga hodi kwa wazee kwanza, wala si kuwapelekea amri kutoka Nairobi.

Mgodi wa titani wa Base Titanium, uliofungwa Desemba 2024, ulikuwa na kitalu cha miche ya kiasili kwa ajili ya kurejesha ardhi iliyochimbwa. Ujuzi wa waliofanya kazi humo usiachwe upotee.

Kaunti, Shirika la Huduma za Misitu (KFS) na wazee wa kaya wanapaswa kukubaliana kuhusu miti mama na namna ya kukusanya mbegu. Vikundi vya akina mama vyenye vitalu vilipwe bei inayolingana na muda wa kuotesha mvule, si ile ya mvinje.

Muhimu zaidi, tuache kuhesabu miche iliyopandwa siku ya sherehe. Tuhesabu miti iliyo hai baada ya miaka mitatu.